Shoga yangu ana watoto wawili wadogo, na mumewe anataka kuwaletea mbwa aina ya Malinois ndani ya fleti. Nilivyowazuia

Binti_Changamwe (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Uzi ni mrefu, nivumilieni. Nauandika kwa sababu mwezi huu peke yake nimeona watu watatu humu wakiuliza wapi Mombasa watapata mtoto wa mbwa mkali kwa bei nzuri, "nina watoto", na majibu yote yakawa namba za wauzaji. Hakuna aliyeuliza hao watoto wana umri gani.

Shoga yangu nimesoma naye tangu darasa la kwanza. Ana mvulana wa miaka mitano na msichana wa mwaka mmoja na miezi minane. Wanakaa Tudor, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, roshani yao ukianika nguo huna pa kuweka ndoo. Mumewe yuko bandarini, kazi ya shifti. Huko Kilindini aliwaona mbwa wa KWS, shirika la wanyamapori, wakinusa makontena kutafuta pembe za ndovu, akapenda. Simlaumu, ni mbwa wa kupendeza wale. Mbwa anapita kati ya makontena hatazami kushoto wala kulia, na akifika penye kitu anakaa kitako kumngoja bwana wake. Jamaa akarudi nyumbani akaanza kutazama video, na wiki haikuisha kabla muuzaji hajapatikana Mtwapa: kijibwa elfu arobaini, tanguliza elfu kumi uwekewe.

Mimi mbwa nawapenda, niliseme hilo mapema. Nyumba ya baba yangu Changamwe haikuwahi kukosa mbwa. Lakini Malinois ni mbwa wa Ubelgiji, jina lake limetoka mji wa Malines, na alizalishwa kuchunga kondoo kutwa kucha. Polisi na majeshi duniani wamemchukua kwa sababu hiyo hiyo: hachoki, na akili yake haitulii. Ukimpa kazi ni hazina. Ukimfungia ghorofani atajitafutia kazi mwenyewe, na kazi atakayoipata ni makochi yako na miguu ya wanao.

Jumamosi tukaenda Mtwapa sote, na watoto. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la nyaya juu ya saruji, vijibwa sita ndani, na pembeni dume lao limefungwa mnyororo. Ndugu zangu, ukienda kwa muuzaji, tazama chini alipofungwa mbwa kabla hujamtazama usoni. Pale majani yalikwisha zamani, pamebaki duara la mchanga lililochimbika kama njia ya ng'ombe, kwa vile anavyozunguka kutwa. Huyo ndiye baba mtu.

Muuzaji akafungua banda. Kijibwa kimoja cha kahawia, uso mweusi, kikatangulia kutoka. Msichana alivaa kigauni kirefu. Alipokiona akacheka, akageuka kukimbia huku anapiga kelele, mchezo wa watoto wote. Kijibwa kikamwandama nyuma ya visigino, kimya, hakikubweka. Kikadaka pindo la gauni, kikakaza miguu ya nyuma mchangani, kikavuta. Mtoto akaenda chini kifudifudi. Kaka mtu akaja mbio kumnyanyua, nacho kikaachia pindo kikashika kandambili yake.

Muuzaji akafurahi: "Ana moyo huyu!" Na alisema kweli. Kijibwa hakikuwa na hasira hata chembe, mkia ulikuwa unacheza. Ndivyo mababu zake walivyorudisha kondoo zizini: kinachokimbia kinafuatwa, kinazuiwa. Sasa niambieni, mtoto wa umri ule hufanya nini kutwa zaidi ya kukimbia na kupiga kelele?

Kile kilikuwa na wiki saba tu. Dume la Malinois likikomaa lina kilo 25 hadi 30. Yule msichana ana kilo kumi na moja.

---

Baharia_Likoni

Dada umewatisha watu bure. Ami yangu Nyali ana Malinois wawili na wajukuu wanacheza nao hadi wanalala juu yao. Mbwa akikua na mtoto humjua kama ndugu yake. Mbwa mbaya hufanywa na mwenyewe.

---

Binti_Changamwe

Ndugu Baharia, sina shaka na mbwa wa ami yako. Lakini Nyali ile ina ua, ina ukuta, na naamini kuna mtu anayewashughulikia asubuhi na jioni. Wajukuu nao huja wakaondoka. Mimi nasema fleti ya Tudor.

Na hapa ndipo penye roho ya uzi wangu. Tuliporudi kutoka Mtwapa nikaingia jikoni kusaidia. Dada wa kazi, binti wa Kinango, alikuwa anasuuza chupa ya chai. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bi, ni kweli wataleta jibwa?" Kabla sijajibu akapandisha leso akanionyesha kovu nyuma ya goti, refu kama kidole changu cha shahada. Aliumwa akienda kuteka maji, akiwa na miaka minane. Akasema, "Mimi nikisikia tu kwato... nikisikia kucha zake sakafuni, mwili unakufa ganzi." Alikosea neno kwa hofu akajirekebisha, na mkono ulioshika chupa ukawa unatetemeka.

Hakuna aliyemuuliza. Si mume wala mke, na mimi mwenyewe hadi pale sikuwa nimemfikiria. Sasa pigeni hesabu ya nyumba ile. Baba yuko bandarini au amelala baada ya shifti ya usiku. Mama anatoka saa moja asubuhi kwenda kazini Ganjoni. Mvulana yuko shule. Kuanzia saa moja hadi saa kumi na moja jioni, ndani ya vyumba viwili, wanabaki watatu: mtoto anayejifunza kukimbia, mbwa aliyezaliwa kufukuza vinavyokimbia, na binti anayekufa ganzi akisikia kucha za mbwa. Mbwa huyo tutamwitaje wa baba? Baba atapigwa naye picha Jumapili tu.

---

Bin_Makadara

Assalaam alaykum. Bi, umesahau majirani. Sisi wa madhehebu ya Shafii, yakikupata mate ya mbwa au akikugusa akiwa na unyevu unaosha mara saba, moja kwa udongo. Kwenye fleti ngazi ni moja. Mtu ametia udhu anateremka kwenda kuswali Alfajiri, anakutana na mbwa kalowa kwenye kona nyembamba. Ugomvi wa ngazi huanza hivyo. Na isieleweke kwamba dini imetufunza kumchukia mbwa. Wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ana ruhusa, na sote tumefundishwa habari ya mtu aliyeteremka kisimani kumnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa madhambi yake. Lakini kumfungia ghorofani kwa sababu ya video, hapo huyo mbwa mwenyewe kadhulumiwa.

---

Binti_Changamwe

Waalaykum salaam ustadhi. Shukrani, hili nililikosa kabisa. Wao ni Wakristo lakini mlango wa mkabala ni mzee anayeswali swala ya jamaa kila alfajiri na ndiye anayewapokelea watoto wakichelewa. Niliwaambia hivyo hivyo ulivyosema, kwamba yule mzee si mtu wa kumweka katika hali ya kuosha kanzu mara saba.

Na maji yenyewe yako wapi? Pale Tudor bomba likitoa mara mbili kwa wiki watu wanashukuru, siku nyingine ni mkokoteni na mitungi ya lita 20, tena uilipie kupandishwa ghorofa ya tatu. Kijibwa hukojoa kila baada ya saa moja au mbili. Ukikosa kuosha vizuri kwa maji na sabuni, harufu inabaki, naye atarudi pale pale. Kwa joto letu la kaskazi, Februari na Machi, nyumba ile itanuka hadi barabarani.

---

Mganga_wa_Mifugo_Kisauni

Nichangie kidogo kama mtu wa kazi hii. Wiki saba ni mapema, kijibwa angalau kikae na mama yake hadi wiki nane. Kule ndiko hujifunza kuuma kwa kiasi, akizidisha wenzake wanalia na mama anamkanya. Aliyetolewa mapema hana breki.

Chanjo za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua vijibwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane, zinarudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita. Kichaa cha mbwa anachanjwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Muuzaji akikwambia "amechanjwa zote" na mbwa ana wiki saba, hakuna kitu kama hicho. Dai kadi yenye stika za chupa za dawa na sahihi ya daktari.

Minyoo: vijibwa wengi huzaliwa nayo, wanaipata tumboni mwa mama. Dawa ni kila wiki mbili hadi wiki ya kumi na mbili. Mayai ya minyoo yanakaa mchangani muda mrefu sana, na mtoto anayetia mikono mdomoni anayameza. Mabuu yake yanaweza kufika hadi jichoni. Safura ya mbwa nayo inaingia kwenye ngozi ukikanyaga mchanga peku, unaona mstari unatambaa chini ya ngozi na kuwasha usiku kucha. Kupe wa pwani sina haja ya kuwaeleza.

Na meno. Kuanzia miezi mitatu minne hadi saba anabadilisha meno, anatafuna kila kilicho mbele yake. Mikono ya watoto iko urefu ule ule wa mdomo wake.

---

MamaPacha_Bamburi

Yote haya kweli tupu, lakini dada, uliwaambia VIPI? Mimi nina wifi yangu ana mipango kama hiyo, husky, mbwa wa nchi za barafu, tena Mombasa hii! Nikifungua mdomo tu nitaambiwa nina husda, sitaki wenzangu wawe na kitu kizuri. Hatutasalimiana hadi Krismasi.

---

Binti_Changamwe

MamaPacha, umeligusa donda lenyewe. Kwetu ukimwambia mtu "usinunue" huwa amesikia "huwezi". Nilikosea mwanzoni. Nilituma ujumbe mrefu kwenye kundi letu la WhatsApp, mbele ya mashemeji na mawifi, nikaorodhesha hasara zote kama karani wa mahakama. Mume akajibu "asante kwa ushauri" na kesho yake akamtumia muuzaji elfu kumi. Nilimtia aibu mbele za watu, akabaki hana njia ya kurudi nyuma. Kosa hilo ni langu na niliomba radhi kwake ana kwa ana.

Nilichofanya baadaye ni kumweleza jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu nje ya familia yetu. Changamwe tulikuwa na jibwa jeusi, baba alimwita Askari. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu. Siku moja Askari anakula, mdogo wangu akaja kumkumbatia kwa nyuma, shingoni, na mkono mmoja ukaingia kwenye bakuli. Alimuuma mara moja tu, shavuni. Mama akapaka jeraha majivu na chumvi kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Leo tunajua ni sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu mbio hospitali kwa chanjo, na usikose tarehe hata moja uliyopangiwa. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema watu 4 katika kila 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Serikali yetu imejipangia kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, nasi bado tunapaka majivu.

Mdogo wangu alipona, ana kovu hadi leo chini ya jicho. Askari hakupona. Jioni ile baba alitoka naye na kamba, akarudi na kamba. Mimi nilikuwa dirishani. Mbwa alitoka anatikisa mkia kwa sababu alidhani anapelekwa kutembezwa. Sikumwambia shoga yangu na mumewe "mbwa atamuuma mtoto". Nilimwambia mume: siku akiuma, na hata akiuma kwa kuchezacheza, wewe ndiye utakayeshika hiyo kamba. Mwanao wa miaka mitano atakuwa dirishani.

Alinyamaza kitambo. Halafu akasema kitu kizuri, kwamba anataka mwanawe akue na ujasiri asiogope mbwa kama yeye alivyoogopa utotoni. Kumbe hilo ndilo lililokuwa ndani. Kama ningeendelea kumhubiria kwenye WhatsApp nisingelijua milele.

Basi nikampa pendekezo. Kabla hajalipa elfu thelathini zilizobaki, kwa siku saba aishi kana kwamba mbwa kashafika. Saa kumi na moja alfajiri ateremke ngazi akatembee saa nzima, kwa sababu joto likishapanda lami inaunguza nyayo za mbwa. Jioni saa nzima tena. Katikati ashuke kila baada ya saa mbili akae chini dakika tano, ndivyo kijibwa kinavyofunzwa kukojoa nje. Akiwa shifti, ampangie mtu kwa jina, na mtu huyo asiwe dada wa kazi. Alikubali kwa furaha, mwanamume yule si mvivu. Siku ya kwanza na ya pili alitembea hadi Mama Ngina na kurudi. Siku ya tatu alitoka shifti ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, akakaa kwenye ngazi ya kwanza pale chini na buti zake za kazi miguuni, akampigia mkewe simu. Akamwambia, "Kama yupo ananisubiri huko juu, sina cha kumpa."

Wifi yako, MamaPacha, mwambie husky ana manyoya tabaka mbili, ya barafu. Mbwa hupoa kwa kuhema, na hewa yetu ikishajaa unyevu kuhema hakumsaidii sana. Lakini muulize kwanza anamtakia nini. Usimtangulize na joto.

---

Kijana_Mshomoroni

Sawa, huyu hafai. Kwa hiyo mwenye watoto asifuge mbwa kabisa? Afuge yupi?

---

Binti_Changamwe

Sikusema asifuge. Ningekuwa wao ningengoja yule mdogo afike miaka sita au saba, aweze kuambiwa "mwache anakula" akaelewa, na wawe na nyumba yenye ua. Halafu ningetafuta mbwa aliyekwisha komaa, wa miaka miwili mitatu, ambaye tabia yake inajulikana tayari. KSPCA, shirika la kutetea wanyama, huwapa watu mbwa waliookolewa. Wengi ni wa kienyeji, hawa tunaowaita koko, na ni mbwa walioshazoea joto letu. Watoto waende wakutane naye mara kadhaa kabla hajaja nyumbani. Na Malinois huishi miaka 12 hadi 14, yule wa miaka mitano atakuwa anakaribia kumaliza sekondari. Ni ahadi ndefu, si zawadi ya kufunga shule.

Hata akiwa mbwa mpole kama kondoo, mtoto mdogo hafai kuachwa naye peke yao. Si dakika tano, si "naenda kuzima jiko tu".

---

Baharia_Likoni

Dada nimesoma tena. Nimempigia ami. Kumbe mmoja wa wale wawili alishamuuma mtunza bustani mwaka juzi, hakutuambia. Nimekuelewa.

---

Binti_Changamwe (wiki mbili baadaye)

Mrejesho. Hawakumchukua. Elfu kumi muuzaji amekataa kurudisha, na jamaa ameimeza. Dada wa kazi bado yupo, nilipoenda juzi alinipakulia mbaazi na mahamri mawili ya ziada bila kusema kitu.

Mvulana alilia siku mbili, sitaficha. Sasa kila Jumamosi babake anampeleka kwa rafiki yangu mmoja Mshomoroni mwenye mbwa mzee wa kienyeji, jike, meno yamebaki nusu. Anafundishwa kusimama wima kama mti mbwa akimjia mbio, kukunja ngumi na kuacha anuswe kwanza, kumgusa kifuani na si kichwani, na kumuacha akiwa amelala. Juzi mbwa alimlalia mguuni na mtoto hakupumua dakika nzima kwa kuogopa kumwamsha. Babake naye alikuwa kasimama pembeni, na taratibu akachuchumaa.

Lakini kuna jambo linaninyima usingizi. Muuzaji alimpigia jamaa jana, kile kijibwa cha uso mweusi bado kipo. Wenzake wote wamekwenda, yuko peke yake bandani, na bei imeshuka hadi elfu ishirini na tano. Dirisha la kumzoesha watu na sauti na vitu linafunga kwenye wiki ya kumi na nne hivi, naye yuko wiki ya kumi. Hakufaa Tudor, lakini si kosa lake. Kuna mtu humu mwenye shamba, ukuta, na aliyewahi kumlea mbwa wa kazi? Mwenye watoto wadogo tafadhali usinijibu.

---

Shamba_Kikambala

Nina ekari mbili, mbuzi kumi na wanane, na nilikuwa mshika mbwa kwenye kampuni ya ulinzi miaka tisa kabla sijastaafu. Wanangu ni watu wazima. Nitumie namba.

---

Binti_Changamwe

Mzee wangu, nimekutumia kwa faragha. Dai kadi ya chanjo kabla hujatoa pesa. Na ukimpata, nipigie. Nataka kuja na yule mvulana siku moja amuone akiwa na mbuzi.